Kutopatana, kuua madume, kugeuza jinsia au kuzaa bila dume: uchague mbinu ipi ya bakteria wa wadudu?

Kuna swali linarudi kila mara kwa watu wanaotafuta mada ya utafiti mdogo kwenye wadudu, nalo ni hili: nifanye ile ya mbu au ile ya vipepeo wasio na madume? Na jibu wanalopewa mara nyingi ni jina moja tu, Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya wadudu, basi, utadhani kazi imeisha. Haijaisha, maana Wolbachia huyohuyo anaweza kufanya mambo manne tofauti, afu ana wenzake kina Spiroplasma, Cardinium, Rickettsia na Arsenophonus nao wako kwenye biashara hiyohiyo ya kuvuruga uzazi wa mdudu. Kwa hiyo hapa nalinganisha mbinu zenyewe, majina ya bakteria baadaye, na msimamo wangu nautoa mapema: chagua mdudu kwanza, yeye ndo atakuambia mbinu gani inawezekana.

Kabla ya yote kuna kitu kimoja usipokishika mengine yatakuchanganya. Hawa bakteria wanapita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ndani ya yai. Mbegu ya dume haiwabebi, ikikomaa inakuwa imeshavuliwa karibu saitoplazimu yote, ule uji wa ndani ya seli, na bakteria wanaachwa nje. Sasa jiweke kwenye nafasi ya bakteria: ukijikuta ndani ya dume umepanda gari lisilofika popote, utakula, utaongezeka, lakini dume akifa na wewe ndo mwisho wako. Ukijikuta ndani ya jike una watoto, wajukuu, vitukuu. Ujanja wote nitakaoueleza unatoka hapo, lengo ni majike wenye bakteria wawazidi majike wasio nao, na dume ama anatumika kama silaha, ama anauawa, ama anageuzwa, ama hazaliwi kabisa.

Nani anao? Makadirio ya Wolbachia peke yake yamekuwa yakipishana, ya 2008 yalisema karibu 66% ya spishi za wadudu, ya 2012 yakashuka hadi kama 40% ya spishi za arthropoda wa nchi kavu, yaani wadudu pamoja na ndugu zao kama buibui na utitiri. Vyovyote vile ni wengi, uwezekano ni mkubwa kwamba mdudu aliyetua mezani kwako jana anao.

Kutopatana kwa saitoplazimu: dume kama silaha

Hii ndo maarufu na ndo nitakaa nayo zaidi. Dume mwenye Wolbachia anapotengeneza mbegu, zinawekewa kitu, vitabuni wanaita urekebishaji, mimi naona neno sumu linaeleweka fasta. Mbegu hiyo ikiingia kwenye yai la jike asiye na bakteria, kromosomu za baba zinachelewa, za mama zimeshajikunja ziko tayari kugawanyika, za baba bado zinahangaika, seli inagawanyika hivyohivyo na kiinitete kinakufa, mara nyingi kwenye mgawanyiko wa kwanza kabisa. Mbegu ileile ikiingia kwenye yai la jike mwenye Wolbachia wa aina moja na yule wa dume, yai lina dawa yake, maisha yanaendelea.

Ukitaka kuiona kwa macho yako chukua nzi wa matunda aina ya Drosophila simulans na uandae chupa nne. Dume safi na jike safi, dume safi na jike mwenye bakteria, wote wenye bakteria, halafu ile ya nne: dume anao, jike hana. Waache watage usiku kwenye sahani ya agari (jeli ya maabara) iliyotiwa rangi nyeusi au juisi ya zabibu ili mayai yaonekane, toa nzi, hesabu mayai, subiri kama siku moja na nusu, hesabu tena. Kwenye sahani tatu utakuta maganda matupu yaliyonywea na vibuu vinavyochimba agari vikiacha njia kama za mchwa. Kwenye ile ya nne mayai yamekaa palepale ulipoyaacha, meupe, yamejaa, hayana habari. Hakuna hadubini ya bei mbaya hapo, macho na kalamu.

Ila kuna mtego, na mimi uliwahi kuninasa. Niliwahi kutumia madume wa zaidi ya wiki moja kwenye Drosophila melanogaster nikapata mayai yanaanguliwa kila chupa, nikaanza kushuku bakteria, kushuku chakula, kushuku hata daftari, kumbe ni umri tu. Kwa melanogaster mwenye Wolbachia aina ya wMel nguvu ya kutopatana inashuka haraka sana dume anavyozeeka, dume wa siku moja anaua mayai vizuri, wa siku tano hana makali. Simulans yeye na wRi wake ni wa kuaminika zaidi, ndo maana nikamtaja huyo kwanza.

Kihistoria hii ndo yenye njia ndefu kuliko zote. Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach waliwaona hawa bakteria mwaka 1924 kwenye viungo vya uzazi vya mbu Culex pipiens, na 1936 Hertig akawapa jina Wolbachia pipientis kwa heshima ya mwenzake. Hakuna aliyejua wana kazi gani. Hans Laven akawa anapandisha mbu wa sehemu tofauti, anaona mayai hayaanguliwi, na kufikia 1967 akaachia madume wa aina isiyopatana na mbu wa kijiji cha Okpo karibu na Rangoon, Burma ya wakati huo, mbu wa pale wakaisha. Cha kuchekesha ni kwamba alifanya hivyo bila kujua chanzo ni bakteria, hilo lilikuja kuonyeshwa 1971 na Yen na Barr, yaani dawa ilifanya kazi miaka minne kabla ya ugonjwa kujulikana.

Jeni zenyewe zikapatikana 2017, zinaitwa cifA na cifB, zimekaa kwenye kipande cha virusi vya bakteria kilichojibanza ndani ya jenomu ya Wolbachia. Kwa ufupi cifB ndo mwenye upanga na cifA ndo mwenye dawa, ingawa kwenye aina nyingi zote mbili zinahitajika ndani ya dume ili mbegu iharibike. Kama unapenda molekuli hii mbinu imeshachimbwa sana, faida ni kwamba vifaa na njia zipo tayari, hasara ni kwamba unaingia uwanja wenye watu wengi.

Kwa upande wa matumizi, humu ndani kuna njia mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ni kukandamiza: unaachia madume tu wenye bakteria, wanapanda majike wa porini, mayai yanakufa, mbu wanapungua, na ukiacha kuachia wanarudi. Singapore wanafanya hii kwa Aedes aegypti, mbu anayesambaza dengi. Ya pili ni kubadilisha: unaachia madume na majike, majike wenye bakteria wanapata watoto kwa dume yeyote, majike wasio nao wanapoteza mayai kila wakikutana na dume mwenye bakteria, kwa hiyo taratibu mbu wote wanakuwa na Wolbachia. Mbu hawapungui, ila ndani yao virusi vya dengi vinapata shida kuzaliana. Cairns huko Australia walianza kuachia 2011, na jaribio la Yogyakarta, Indonesia, lililotoka 2021 lilionyesha dengi imepungua kwa 77% na waliolazwa hospitali kwa 86% ukilinganisha na mitaa isiyoachiwa mbu.

Uchague ipi kati ya hizo mbili? Kukandamiza kunataka utenganishe madume na majike kwa uhakika mkubwa, ukikosea ukaachia majike wengi utakuta umebadilisha badala ya kukandamiza, na ukishabadilisha silaha yako imekufa maana sasa majike wa porini nao wana dawa. Kubadilisha kunataka uvuke kizingiti, yaani bakteria wana gharama kwa mbu, wakiwa wachache wanasukumwa nje, wakivuka kiwango fulani wanajipandisha wenyewe. Huko California wRi ilisambaa kwenye Drosophila simulans kwa zaidi ya kilomita 100 kwa mwaka miaka ya 1980 bila mtu yeyote kuisukuma. Afu angalia joto. wMel anapungua sana kwenye maji ya vibuu yakipata joto kali, wAlbB, aina nyingine ya Wolbachia, anavumilia zaidi, na ndo sababu Malaysia walienda na wAlbB. Mtu akikuambia Wolbachia ni Wolbachia tu muulize maji ya vibuu wake yanafika nyuzi ngapi mchana.

Kuua madume: ukatili wenye hesabu

Hapa bakteria hajisumbui na mbegu. Mama mwenye bakteria anataga mayai, nusu yangekuwa madume, hao wanakufa wangali ndani ya yai. Mwanzoni inaonekana ujinga, umemuua mwenyeji wako mwenyewe unapata nini? Angalia wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa mawili meusi, Adalia bipunctata. Wanataga mayai ya njano yamesimama kwa kundi, kama punje za mahindi zilizopangwa. Siku ya kuanguliwa nusu wanatoka, weusi, miguu mirefu kuliko mwili, na hawaondoki hapo. Wanageuka na kuanza kula yale mayai ya kaka zao ambayo hayakuanguliwa, mlo wa kwanza umepatikana bila kutembea, na kwa mdudu ambaye akikosa kidukari siku ya kwanza anaweza kufa, huo mlo ni uhai. Bakteria aliyekufa ndani ya kaka amemlisha pacha wake aliye ndani ya dada. Sasa hesabu imekaa sawa.

Na kwa huyo mbawakawa mmoja wauaji ni kundi, kuna Rickettsia, kuna Spiroplasma, kuna Wolbachia, kila mmoja amefika kwenye ujanja uleule kwa njia yake. Hii kwangu ndo sababu ya kutomwamini mtu anayechagua mada kwa jina la bakteria.

Jinsi ya kuua nayo zinatofautiana. Spiroplasma wa nzi wa matunda ana protini inaitwa Spaid, ilitangazwa 2018, inakwenda moja kwa moja kwenye ile mashine ambayo dume anaitumia kuongeza kasi ya kromosomu X yake moja ili ilingane na mbili za jike. Jike hana hiyo mashine ikifanya kazi, kwa hiyo hadhuriki. Arsenophonus nasoniae wa kinyigu Nasonia yeye anazuia sentrosomu, vile viungo vinavyoongoza mgawanyiko wa seli, zisitengenezwe kwenye mayai yasiyorutubishwa, na kwa nyigu yai lisilorutubishwa ndo dume, yale yaliyorutubishwa yanaletewa sentrosomu na mbegu kwa hiyo yanapona. Wolbachia wa nondo wa Ostrinia wana protini inaitwa Oscar inayoshika protini ya mdudu inayoongoza udume, iitwayo Masc, na hapo kuna kituko: ukimpa mama antibiotiki ukaua bakteria, unategemea madume na majike warudi nusu kwa nusu, kumbe unapata madume watupu, majike ndo wanakufa. Bakteria alishakaa muda mrefu mpaka ukoo ule wa majike hauwezi kujiendesha bila yeye.

Kuua madume ni mbinu ya mtu anayetaka kuona mageuzi yakitokea mbele yake. Kipepeo Hypolimnas bolina huko Samoa mwaka 2001 alikuwa na dume mmoja kwa majike kama 100, afu ndani ya vizazi visivyozidi 10 jeni ya kipepeo inayomzuia bakteria ikasambaa na uwiano ukarudi karibu moja kwa moja. Ripoti ilitoka 2007 na bado ni moja ya mifano ya kasi zaidi inayojulikana porini. Uganda nako vipepeo Acraea encedon wamejulikana kwa majike kuwazidi madume kupita kiasi, na ambapo madume ni haba sana majike ndo wanakusanyika juu ya vilima wakisubiri kupandwa, kazi ambayo kwa kawaida ingekuwa ya madume. Na maeneo ya Nairobi kuna Danaus chrysippus mwenye Spiroplasma anayeua madume, huyo ana hadithi yake ndefu ya kromosomu W (ile ya majike) iliyoungana na kromosomu nyingine, nikiingia huko hatutoki leo.

Kwa matumizi ya kudhibiti wadudu? Mimi sioni, kusema kweli. Bakteria muuaji haenei kwa nguvu kama ile ya kutopatana, anategemea faida ndogo za ndugu kula ndugu au kupungua kwa ushindani, na akifanikiwa mno madume wanaisha na yeye anaisha nao. Kwa kusoma ni tamu, kwa kuachia mitaani hapana.

Kugeuza madume kuwa majike

Hii ndo nadra zaidi kwa wadudu na ndo ninayowaonya watu nayo. Mfano uliosomwa kuliko yote wala sio mdudu, ni kale kadudu ka kijivu ka chini ya mawe kanakojikunja kama kidonge, Armadillidium vulgare, jamii moja na kaa na kamba. Kwake Wolbachia wanaizuia tezi inayotoa homoni ya udume, kwa hiyo mwenye kromosomu za kiume anakua jike kamili na anataga. Huko kuna koo ambapo kromosomu asilia ya jike imepotea kabisa, bakteria ndo anaamua nani jike, na kwenye koo nyingine kipande kikubwa cha jenomu ya Wolbachia kimeruka kikajichomeka kwenye kromosomu ya mwenyeji na sasa chenyewe kinafanya kazi ya kuamua jinsia. Yaani bakteria ameacha wosia.

Kwa wadudu wenyewe kuna kipepeo wa njano wa Japani, Eurema mandarina, na yupo mdudu mfyonza majani Zyginidia pullula. Ukimpa kiwavi wa Eurema antibiotiki kwenye chakula hapati kuwa dume wala jike, anatoka wa kati, mabawa upande huu yana alama za dume upande ule hayana. Maana yake bakteria hawaamui mara moja tu kwenye yai, wanaendelea kushikilia hadi mwisho. Inavutia mno. Lakini ili uthibitishe kwamba huyu jike alipaswa kuwa dume lazima usome kromosomu zake, sio kuangalia tu, na kwa Eurema wenyewe iligundulika baadaye kwamba bakteria wanavuruga pia jinsi kromosomu Z ya mama inavyorithishwa, kwa hiyo kile kilichoonekana ni ujanja mmoja kumbe ni miwili. Kama huna mtu wa saitojenetiki, yaani wa kusoma kromosomu, karibu nawe achana nayo.

Kuzaa bila dume

Hapa twende kwa nyigu. Kwao yai lililorutubishwa ni jike na lisilorutubishwa ni dume mwenye seti moja tu ya kromosomu. Bakteria anachofanya ni kuchukua yai lisilorutubishwa na kulifanya liwe na seti mbili, kwa Trichogramma kromosomu zinajinakili lakini mgawanyiko wa kwanza hautenganishi, seti mbili zinabaki kwenye kiini kimoja, dume aliyepaswa kuzaliwa anazaliwa jike. Mama hahitaji kupandwa, anataga mabinti, mabinti wanataga mabinti. Ilithibitishwa 1990 pale Stouthamer na wenzake walipowapa majike hao antibiotiki na madume wakarudi, nyigu waliodhaniwa hawana madume kwa asili yao.

Ukiiweka pembeni ya kutopatana tofauti ni hii: kutopatana kunahitaji wawili, dume na jike wenye hali tofauti, na unahesabu vifo, kuzaa bila dume kunahitaji jike mmoja ndani ya kichupa na unahesabu jinsia. Ni rahisi kupita maelezo. Ukiiweka pembeni ya kuua madume, zote zinakupa majike watupu, na hapa wanafunzi wengi wanateleza, wanaona majike tu wanaandika "kuua madume". Angalia idadi ya mayai yaliyoanguliwa. Nusu imekufa, ni muuaji au ni kitu kinachofanana naye. Karibu yote yamepona, ni kugeuza au kuzaa bila dume. Na kama jike bikira anataga mabinti basi umeshapata jibu.

Wakulima wa nyumba za kioo wanatumia ujanja huu hata kama hawajui. Encarsia formosa, kinyigu anayetaga ndani ya machanga wa nzi weupe, ni majike karibu wote kwa sababu ya Wolbachia, na hiyo ni faida kwa sababu dume hatoboi mdudu yeyote kutaga ndani yake, kila jike zaidi ni mtoboaji zaidi. Isipokuwa sio bure, kwenye Trichogramma koo nyingi zenye bakteria zinataga mayai machache kuliko zisizo nao, kwa hiyo kabla ya kufurahia mabinti 100% hesabu mabinti wangapi kwa kila mama.

Na kuna mwisho mbaya. Bakteria akishakamata ukoo mzima kwa vizazi vingi, zile jeni za mapenzi zinaoza kwa kukosa kazi. Ukiwatibu madume wanazaliwa, wana mbegu, lakini majike hawawataki au yai halirutubishwi. Encarsia formosa ndo alipofika. Hapo hakuna kurudi.

Mdudu kwanza

Sasa nirudi kwenye msimamo wangu. Kuzaa bila dume kunakosababishwa na bakteria utakutana nako karibu kila mara kwa wale ambao yai lisilorutubishwa ni dume, nyigu, vithiripi, utitiri. Kutopatana kunapatikana kwa makundi mengi kuliko zote kwa sababu kunashughulika na mbegu ya baba na kila mdudu mwenye ndoa ana mbegu ya baba. Mfumo wa jinsia wa mdudu unafungua milango fulani na kufunga mingine.

Na ushahidi mzuri zaidi ni pale bakteria mmoja anapohamishwa nyumba. Wolbachia wa nondo Cadra cautella kwao wanaleta kutopatana, wakachukuliwa wakaingizwa kwa Ephestia kuehniella, nondo wa unga, huko aina moja kati yao ikawa inaua madume. Yule Hypolimnas wa Samoa naye, madume walipoanza kupona kwa jeni yao ya kinga, ikaonekana bakteria huyohuyo ndani ya madume waliosalimika anaharibu mbegu kwa majike wasio nao. Muuaji ulimfungia mlango akaingia dirishani. Kwa hiyo ukiandika kwenye pendekezo lako "nitasoma Wolbachia anayeua madume" umeandika nusu ya sentensi, ndani ya nani?

Basi we chukua ipi

Kama lengo lako ni ugonjwa unaosambazwa na mbu, hakuna mjadala, kutopatana, na soma pia kuhusu mbung'o maana Glossina morsitans ana Wolbachia mwenye kutopatana kukali. Ila jipange, kuachia wadudu nje kuna vibali na kuna wananchi wa kuzungumza nao, hiyo sio kazi ya muhula mmoja.

Kama unataka mageuzi, takwimu za porini, na una miguu ya kutembea na nyavu ya vipepeo, kuua madume. Kazi nyingi ni kukusanya majike, kuwafungia watage, na kuhesabu. Kama una mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA ili ionekane, unaweza kutafuta jeni ya wsp kwa Wolbachia, lakini usikomee hapo, ukikosa Wolbachia jaribu Spiroplasma na Rickettsia kabla hujasema hamna kitu. Na kidogo kuhusu dawa: penisilini usiitegemee kwa Spiroplasma, hana ukuta wa seli ambao penisilini inaushambulia, tumia tetrasaiklini.

Kugeuza jinsia, nimeshasema, kama una saitojenetiki.

Na kama una miezi minne, chumba kimoja chenye joto la nyuzi 25 na hela kidogo, mimi ningekwenda na Trichogramma bila kufikiri mara mbili. Wana urefu wa chini ya milimita moja, wanakulia ndani ya mayai ya nondo wa unga, kizazi kimoja kama siku 10, na yai lililotobolewa linageuka jeusi kwa hiyo hata kuhesabu huhangaiki. Gawa ukoo wa majike watupu mara mbili, nusu uwalishe asali tupu, nusu asali yenye tetrasaiklini. Usikimbilie kulinganisha afya zao kwenye kizazi cha kwanza, dawa inazubaisha hata mitokondria (mitambo ya nishati ya seli) ya mdudu mwenyewe, acha vipite vizazi viwili hivi bila dawa ndo ulinganishe idadi ya mayai. Chumba kisipande sana joto, karibu na nyuzi 30 na kuendelea bakteria wanapungua wenyewe na kundi lako la asali tupu litaanza kutoa madume, hapo huna tena cha kulinganisha. Madume ukiwaona utawajua kwa antena, za majike ni kama rungu fupi laini, za madume zina manyoya marefu kama brashi ya chupa, na yule wa kwanza mpige picha mapema maana wanaruka wakati bado unarekebisha lenzi.